Programu zikizeeka, kazi za wasanii hufa nazo: jinsi majumba ya makumbusho yanavyojaribu kuziokoa

Tangu tarehe 12 Januari 2021, ukijaribu kufungua kazi ya sanaa iliyotengenezwa kwa programu ya Flash, mara nyingi unapata nafasi tupu, au tangazo la kukuambia kwamba programu hiyo haikubaliwi tena. Siku hiyo kampuni ya Marekani Adobe, ambayo ndiyo mwenye Flash, iliizuia isifanye kazi tena kwenye kompyuta za karibu dunia nzima. Kazi za wasanii hazikufutwa. Faili nyingi bado ziko nzima kwenye mashini zao na katika majumba ya makumbusho. Kilichopotea ni chombo cha kuzisoma.

Kwa watu wengi habari hiyo ilipita bila kelele. Kwa wasanii waliotumia Flash tangu mwisho wa miaka ya 1990, kazi ya miaka mingi ilifungwa siku moja. Na Flash si programu ya kwanza kufa wala haitakuwa ya mwisho. Hapa kwetu pia, vijana wanaochora, wanaotengeneza video na michezo kwenye kompyuta, au ordinateri kama wengi wanavyosema Kivu na Katanga, wanajenga juu ya programu ambazo siku moja zitaondoka. Swali ni hili: kazi ya namna hiyo inalindwa vipi, na nani anachagua ipi iokolewe?

Faili ipo, msomaji wake hayupo

Mchongo wa mbao unaweza kuliwa na mchwa. Mchoro wa rangi unaweza kufifia kwa jua. Lakini ili uvione, macho yako yanatosha. Kazi ya kompyuta inahitaji zaidi. Chini yake kuna ngazi kadhaa: faili ya msanii, programu inayoisoma faili hiyo, mfumo unaoendesha kompyuta kama vile Windows, mashini yenyewe, na mara nyingi intaneti. Ngazi moja ikiondoka, kazi nzima inaanguka.

Anayehifadhi kaseti za muziki za miaka ya 1980 nyumbani analijua jambo hili. Kaseti iko nzima, lakini redio ya kuipiga haipatikani, na fundi wa kuitengeneza amezeeka. Tofauti ni kwamba muziki wa kaseti unaweza kunakiliwa mahali pengine ukabaki muziki uleule. Kazi nyingi za kompyuta hazinakiliki kirahisi hivyo, kwa sababu si picha tu wala sauti tu. Zinamjibu mtu anayezitazama: akibofya hapa, kitu fulani kinatokea, akichelewa, kingine kinatokea. Ukizirekodi kwa video umehifadhi ushuhuda wa kazi, lakini mtazamaji hawezi tena kuigusa.

Flash ilipendwa na wasanii kwa sababu ilifanya mambo hayo yote kuwa rahisi. Ilitoka mwaka 1996. Mtu asiyejua sana lugha za kompyuta aliweza kuchora, kuupa mchoro mwendo, kuongeza sauti na vitufe, na kupata faili ndogo inayopita hata kwenye intaneti ya polepole ya wakati ule. Kule Seoul, Korea Kusini, wasanii wawili wanaojiita Young-Hae Chang Heavy Industries waliitumia kutengeneza kazi za maneno makubwa yanayopita haraka kwenye kioo yakifuata muziki, na wakajulikana duniani.

Kilichoiua si chuki dhidi ya sanaa. Flash ilikuwa na matundu mengi ya usalama ambayo wahalifu waliyatumia kuingia katika kompyuta za watu. Ilikula pia nguvu nyingi za betri. Mwezi Aprili 2010, Steve Jobs wa kampuni ya Apple aliandika barua ya wazi kueleza kwa nini simu zake hazitaikubali. Mwezi Julai 2017, Adobe yenyewe ilitangaza kwamba itaacha kuihudumia mwisho wa mwaka 2020. Sababu za wahandisi zilikuwa na msingi, lakini hakuna aliyelazimika kuwauliza wasanii kazi zao zitakwenda wapi.

Disketi za Andy Warhol

Mfano mmoja unaonyesha jinsi hata msanii tajiri na maarufu anavyoweza kupoteza kazi zake. Mwezi Julai 1985, kampuni ya Commodore ilizindua kompyuta yake mpya, Amiga, katika sherehe kubwa mjini New York. Ilimwalika mchoraji Andy Warhol, ambaye alichora mbele ya watu picha ya mwimbaji Debbie Harry kwa kutumia mashini hiyo. Warhol aliendelea kuchora kwenye Amiga, akahifadhi kazi zake kwenye disketi. Alikufa mwezi Februari 1987.

Disketi hizo zikaingia katika hifadhi ya jumba la Andy Warhol Museum mjini Pittsburgh. Zilitunzwa vizuri, kama vitu vingine vyake vyote, lakini yaliyomo ndani hayakuonekana. Mwaka 2011 msanii mwingine, Cory Arcangel, aliona YouTube video ya sherehe ile ya 1985, akauliza jumba hilo kama kazi za Warhol za kompyuta bado zipo.

Kuzifungua kulikuwa kazi ya hatari. Disketi ya zamani inaweza kuharibika wakati ule ule inaposomwa. Wanafunzi wa klabu ya kompyuta ya chuo kikuu cha Carnegie Mellon, kilicho katika mji huohuo wa Pittsburgh, walichukua kwanza nakala ya alama za sumaku zilizo kwenye disketi, ili wafanye majaribio juu ya nakala na wasiguse tena disketi zenyewe. Kisha wakagundua kwamba baadhi ya faili zimeandikwa kwa muundo usiojulikana na programu yoyote waliyokuwa nayo. Ilibidi wasome muundo huo kidogo kidogo mpaka wauelewe.

Mwezi Aprili 2014 matokeo yalitangazwa. Kulikuwa na mkebe wa supu ya Campbell's, alama ya Warhol tangu miaka ya 1960, na uso wa Venus wa mchoraji Botticelli ukiwa na macho matatu. Picha hizo zilikuwa zimelala karibu miaka 30 bila mtu kuziona. Zilipatikana kwa sababu jumba la makumbusho halikuzitupa disketi, na kwa sababu mtu mmoja aliuliza wakati bado kulikuwa na watu wanaojua Amiga. Kama angeuliza miaka 20 baadaye, huenda jibu lingekuwa tofauti.

Njia nne, na kila moja ina bei yake

Mwishoni mwa miaka ya 1990, jumba la Guggenheim mjini New York lilianza kutafuta kanuni za kulinda kazi za aina hii. Wataalamu wake walifikia njia nne ambazo hadi leo ndizo zinazotajwa zaidi.

Ya kwanza ni kuhifadhi vifaa vyenyewe: kompyuta ya zamani, kioo chake na nyaya zake. Njia hii inaheshimu kazi kama ilivyokuwa, lakini ina mwisho. Vipuri vinakwisha, na mashini ya mwisho ikifa, kazi inakufa nayo.

Ya pili ni kuhamisha: kuiandika upya kazi kwa lugha na programu za leo. Ya tatu ni kuigiza: kutengeneza programu inayojifanya kuwa mashini ya zamani ndani ya mashini mpya, ili faili ya msanii ifunguke bila kubadilishwa. Ya nne ni kuifanya kazi upya kwa vifaa tofauti kabisa, huku wazo la msanii likibaki. Hii ya nne ndiyo ya hatari zaidi, na bila idhini ya msanii inaweza kuzaa kazi nyingine kabisa.

Mwaka 2004, Guggenheim ilifanya maonyesho ya kupima njia ya kuigiza mbele ya watu wote. Kazi moja iliyoonyeshwa iliitwa The Erl King, ya Grahame Weinbren na Roberta Friedman, iliyotengenezwa kati ya 1982 na 1985 kwa kompyuta ya Sony SMC-70. Mtazamaji aligusa kioo, na filamu ikabadilisha njia yake. Wataalamu waliweka mashini ya zamani na mashini mpya inayoiigiza kando kwa kando, ili watu wajaribu zote mbili na waone wenyewe kama kuna tofauti.

Njia ya kuhamisha ilipimwa kwa kazi iitwayo Brandon, ya msanii Shu Lea Cheang, mzaliwa wa Taiwan. Ilizinduliwa mwaka 1998 na ndiyo kazi ya kwanza ya intaneti ambayo Guggenheim iliagiza kwa msanii. Inazungumzia Brandon Teena, kijana aliyezaliwa msichana akaishi kama mwanaume, aliyeuawa katika jimbo la Nebraska mwezi Desemba 1993. Kazi hiyo ina faili zaidi ya 4,500 na karibu mistari 65,000 ya maandishi ya kompyuta. Sehemu zake nyingi zilitegemea programu ndogo za Java, ambazo programu za kufungulia intaneti, kama Chrome na Firefox, ziliacha kuzikubali. Kurasa zikawa na mashimo.

Kati ya 2016 na 2017, Guggenheim na wanafunzi wa kompyuta wa chuo kikuu cha New York waliirekebisha. Walibadilisha vipande vya Java kwa maandishi ya kisasa yanayofanya kazi ileile. Jambo la kuzingatia ni kwamba hawakuyatupa maandishi ya zamani. Waliyaacha ndani, yamezimwa, pamoja na maelezo ya nini kilibadilishwa na kwa nini. Atakayekuja baada ya miaka 30 ataweza kuona mkono wa msanii na mkono wa fundi, kila mmoja mahali pake. Na msanii mwenyewe alikuwa hai wa kuulizwa.

Je, bado ni kazi ileile?

Hapo ndipo ubishi unapoanza. Katika jumba la taifa la sanaa la Gwacheon, Korea Kusini, umesimama mnara wa televisheni 1,003 uliojengwa mwaka 1988 na Nam June Paik, mtu anayeitwa baba wa sanaa ya video. Idadi hiyo inakumbusha tarehe 3 Oktoba, sikukuu ya kuzaliwa kwa taifa la Korea. Televisheni hizo ni za zamani, zile nene zenye mgongo mkubwa, ambazo viwanda vimeacha kuzitengeneza. Mwaka 2018 mnara ulizimwa kwa sababu ya hatari ya moto na uchakavu.

Wengine walitaka vioo bapa vya kisasa viwekwe kila mahali. Wengine walisema bila televisheni nene, hiyo si kazi ya Paik tena. Mwishowe jumba lilichagua njia ya katikati: televisheni 737 zilirekebishwa au kubadilishwa kwa nyingine za aina ileile zilizokwisha kutumika, na 266 ndogo za sehemu ya juu zikabadilishwa kwa vioo vya kisasa. Mnara uliwaka tena mwaka 2022. Ni uamuzi unaoweza kupingwa, lakini ulifanywa hadharani, kwa hesabu, na umeandikwa.

Kwa Flash, msaada haukutoka kwa kampuni. Watu wa kujitolea walianzisha programu iitwayo Ruffle, inayoigiza Flash bila kurudisha hatari zake za usalama. Mwezi Novemba 2020, wiki chache kabla ya mwisho, shirika la Marekani Internet Archive lilitangaza kwamba linaitumia ili michezo na katuni za Flash ziendelee kufunguka kwenye maktaba yake. Shirika la Rhizome la New York, linalokusanya sanaa ya intaneti tangu 1999, lilishirikiana na chuo kikuu cha Freiburg cha Ujerumani. Mwaka 2015 walifungua tena michezo ya CD ya Theresa Duncan ya miaka ya 1990, ambayo mtu yeyote aliweza kuicheza kupitia intaneti bila kuwa na kompyuta ya zamani. Mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 2007.

Na kazi za Wakongomani?

Ukiangalia majina yote hapo juu, unaona jambo moja. Kazi zilizookolewa ni zile zilizokuwa na jumba la makumbusho, chuo kikuu au shirika nyuma yake. Ni New York, Pittsburgh, Freiburg, Gwacheon. Msanii asiye na mlango wa kubisha hodi, kazi yake inategemea fleshi yake.

Kongo haiko nje ya habari hii. Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alitengeneza mwaka 2006 mfululizo wa picha uitwao Mémoire. Kwa kompyuta aliunganisha picha za mashini na majengo yaliyochakaa ya Gécamines na picha za wafanyakazi wa enzi ya ukoloni kutoka kwenye hifadhi. Kazi za aina hii zina bahati: zinachapishwa kwenye karatasi, na picha isiyo na mwendo ni faili rahisi kutunza. Ugumu unaanza pale kazi inapohitaji kubofywa, kusikilizwa au kuunganishwa na intaneti.

Mfano mwingine unatoka Lusanga, jimbo la Kwilu. Mwaka 1931, Wapende walipoasi dhidi ya ukoloni, afisa wa Kibelgiji Maximilien Balot aliuawa. Sanamu ya mbao iliyochongwa kumwonyesha yeye iko leo katika jumba la Virginia Museum of Fine Arts, Marekani. Mwaka 2022 wasanii wa CATPC, ushirika wa wafanyakazi wa mashamba wa Lusanga, waliitoa sanamu hiyo kwa sura ya kidijitali kwa njia ya NFT, ili mauzo yasaidie kununua tena ardhi ya mababu. Mwaka 2024 sanamu yenyewe iliazimwa, ikarudi Lusanga kwa muda.

NFT ni hati ya umiliki iliyoandikwa kwenye daftari la pamoja la kompyuta nyingi. Daftari hilo ni gumu kufutwa, na ndiyo sababu wengi wanadhani kazi ya NFT ni ya milele. Lakini hati nyingi za aina hii hazibebi picha yenyewe. Zinabeba anwani tu ya mahali picha ilipowekwa. Anayelipia mahali hapo akiacha kulipa, mnunuzi anabaki na hati ya shamba lisiloonekana. Sanamu ya Balot imepita miaka 90 bila kuhitaji programu. Picha yake ya kidijitali, kama picha zote za aina hiyo, inahitaji mtu wa kuichunguza kila baada ya miaka michache.

Mambo ambayo msanii anaweza kufanya leo

Mambo mengi ambayo wataalamu wa hifadhi wanashauri hayahitaji jumba la makumbusho.

La kwanza ni kuwa na nakala tatu za kila kazi, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae mbali, katika mji mwingine au kwenye intaneti. Goma haihitaji kufundishwa sababu. Mwezi Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji, na waliokuwa na kila kitu ndani ya nyumba moja walipoteza kila kitu. Vita navyo vimewafundisha wengi kukimbia bila kubeba chochote. Fleshi moja inayozunguka katika nyumba za kuchapisha karatasi ikichukua virusi haiwezi kuitwa hifadhi.

La pili ni kutunza faili kwa miundo inayosomwa na programu nyingi. Pamoja na faili ya programu uliyotumia, hifadhi picha kwa PNG au TIFF, na maandishi kwa muundo wa kawaida. Faili inayofunguka kwa programu ya kampuni moja tu inaishi kwa maisha ya kampuni hiyo.

La tatu ni kuandika. Karatasi moja inatosha: kazi ilitengenezwa kwa programu gani, toleo gani, mwaka gani, kwenye mashini gani, na inafunguliwa vipi. Wanafunzi wa Pittsburgh walihangaika kwa sababu karatasi ya namna hiyo haikuwepo ndani ya boksi la Warhol.

La nne ni kurekodi video ya mtu anayetumia kazi tangu mwanzo hadi mwisho, na sauti yake. Kazi ikifa, atakayejaribu kuifufua atajua ilikuwa inafanya nini.

La tano, ambalo ni gumu kuliko yote, ni kuamua na kuacha agizo. Ni kitu gani katika kazi yako kisibadilishwe? Je, ni rangi, mwendo, ukubwa wa kioo, au lugha? Mtu mwingine anaruhusiwa kuiandika upya kwa programu mpya, au unapendelea ife pamoja na mashini yake? Na nani ana neno la siri la akaunti yako ukiwa haupo? Cheang aliulizwa maswali ya namna hiyo, akajibu. Warhol hakuulizwa.

Majumba ya makumbusho na vituo vya utamaduni vya nchi yetu navyo vina sehemu yao. Mkusanyiko wa kazi za kompyuta hauhitaji chumba kikubwa, lakini unahitaji mtu mmoja mwenye mshahara ambaye kazi yake ni kufungua kila faili mara moja kwa mwaka na kusema kama bado inafunguka. Gharama ya mtu huyo ni ndogo kuliko ya kuwatafuta, miaka 30 baadaye, wataalamu wa kusoma muundo ambao hakuna anayeukumbuka.